Taka za sokoni zirudi shambani

Na Zainabu Nduwimana

Mkulima wa Mwakiro, huku kwetu Burundi, huhangaika kila msimu kutafuta mbolea, na soko analouzia mazao yake linatupa mbolea kila siku ya gulio. Hali hii tusiikubali tena.

Simama kando ya jalala la soko, liwe la Gitega au la Muyinga mjini, uangalie kilichomo: maganda ya ndizi na mihogo, mashina ya lengalenga, majani ya kabichi, magunzi, makapi ya maharage, majani ya mgomba yaliyofungia mizigo. Ukichokoa kwa kijiti utakuta pia mfuko wa plastiki, betri ya tochi, kipande cha chupa. Hivyo vichache ndivyo vinavyoharibu fungu zima. Hakuna mkulima atakayemwaga vipande vya chupa kwenye shamba ambalo watoto wake hulima pekupeku.

Mifuko ya plastiki tumeipiga marufuku. Amri ya Rais ilitiwa saini Agosti 2018, tukapewa miezi 18 ya kujiandaa, ikaanza kazi Februari 2020. Rwanda ilitutangulia mwaka 2008, Kenya 2017, Tanzania bara Juni 2019. Eneo lililokuwa mkoa wa Muyinga linapakana na Rwanda na Tanzania, kwa hiyo hatuna jirani wa kumsingizia. Lakini marufuku, hata ikisimamiwa vizuri, haichambui taka zilizokwisha kuchanganyika.

Kampala wameonja uchungu wa kurundika taka zilizochanganyika. Jalala la Kiteezi, lililofunguliwa 1996, liliporomoka Agosti 2024 baada ya mvua kubwa, likafukia nyumba na kuua watu zaidi ya 30. Vitu vinavyooza vikirundikwa bila hewa hutoa methani, gesi inayoshika moto, na maji machafu yanayoteremka mabondeni. Kwetu sisi wa milimani, bondeni ndiko tunakolima mpunga na kuteka maji.

Maganda hayohayo yakipata hewa huwa mali. Tandaza majani makavu, juu yake maganda mabichi, kisha samadi kidogo, urudie hivyo hadi fungu lifike kiunoni. Linyunyizie maji liwe na unyevu bila kutota, uligeuze kila baada ya wiki mbili. Ndani yake joto hupanda hadi kupita nyuzi 55, mbegu nyingi za magugu zikafa. Baada ya miezi mitatu hivi unapata mboji nyeusi, isiyonuka, iliyo tayari kwa mahindi na maharage.

Viongozi wa komine wana uwezo wa kulianzisha hili bila kusubiri mfadhili. Kila soko liwe na mashimo mawili, moja la vinavyooza na jingine la visivyooza. Sehemu ya ushuru wa meza imlipe msimamizi wa mboji, na kazi za pamoja za Jumamosi zitumike kuchimba na kugeuza. Kenya imeshaweka utenganishaji wa taka katika sheria yake ya mwaka 2022, na sisi tunaweza kuanza na kanuni ya soko tu. Nasi wauzaji na wanunuzi tutenganishe palepale mezani, kwa sababu taka zikishachanganyika jalalani hakuna atakayekubali kuzichambua.