Kabla ndege ndogo hazijarudi Goma, vioo vyake vikaguliwe

Uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa Januari 2025, vita vilipoingia mjini. Oktoba mwaka huo, akiwa Paris, Rais Emmanuel Macron wa Ufaransa alitangaza kwamba utafunguliwa kwa ndege za misaada. Kwetu sisi wakaaji wa Goma, Kalengera na Rutshuru, ndege ndogo si anasa. Barabara ya kwenda Butembo na Beni imekatwa na vita mara nyingi, na mwenye mgonjwa hana muda wa kungoja amani.

Ndiyo maana nataka tuzungumzie kitu kidogo ambacho abiria hakioni: kifaa cha kuyeyusha barafu na kuondoa ukungu kwenye kioo cha mbele cha rubani.

Kuna watakaocheka. Barafu gani, nasi tuko karibu na ikweta? Lakini baada ya mvua kubwa, asubuhi kukiwa shwari, kilele cha Karisimbi huonekana cheupe. Mlima huo una mita 4,507. Upande wa Beni iko Rwenzori, mita 5,109, yenye barafu inayodumu. Katika eneo letu baridi ya kugandisha maji huanza karibu na mita 4,500 hadi 5,000.

Wenye ndege watajibu kwamba ndege zao ndogo za propela huruka chini ya hapo. Mara nyingi ni kweli. Lakini katika msimu wa mvua rubani anaweza kulazimika kupanda ili kuepuka mlima au dhoruba. Huko, matone yenye baridi kali ndani ya wingu hugonga kioo na kuganda papo hapo.

Na hata barafu isipokuwapo, ukungu upo. Toa chupa ya Primus kwenye friji uiweke mezani: mara moja inatoka jasho. Kioo kilichopoa juu angani hufanya vivyo hivyo ndege inaposhuka kwenye joto na unyevu, yaani dakika zile zile rubani anapotafuta njia ya kutua. Dereva wa gari akipatwa na ukungu husimama pembeni, akafuta kioo kwa kitambaa. Rubani hana pembeni.

Dawa yake inajulikana. Ndege nyingine zina kioo kinachopashwa moto kwa umeme. Nyingine hunyunyizia kioo alkoholi au glikoli. Nyingine hupuliza hewa ya moto kwenye kioo. Sheria za usafiri wa anga huruhusu ndege kuruka na baadhi ya vifaa vikiwa vibovu, mradi isiingie mahali vinapohitajika. Ruhusa hiyo ina maana yake, ila isigeuzwe kuwa sababu ya kuacha kifaa kibovu miaka na miaka kwa kusema tu kwamba Kongo hakuna barafu.

Novemba 24, 2019, ndege ya Dornier 228 ya kampuni ya Busy Bee iliyokuwa ikielekea Beni ilianguka mtaani Mapendo, muda mfupi baada ya kuruka. Watu zaidi ya 20 walikufa, wakiwemo waliokuwa majumbani mwao. Sisemi barafu iliiangusha; haikuwa imefika huko juu. Lakini Mapendo ilituonyesha kwamba uzembe wowote wa angani unaweza kulipwa hata na asiyenunua tiketi.

Kwa hiyo ombi langu kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kongo ni hili: uwanja utakapofunguliwa, kila ndege ndogo ijaribiwe kifaa hicho ikiwa bado chini, injini ikiwaka, na fundi aweke sahihi yake. Kilicho kibovu kitengenezwe kabla abiria hawajapanda.

Nasi abiria tuache kuona haya kuuliza. Anayekukabidhi maisha yako kwa saa moja lazima aone anakokwenda.