Muvi za Gemu: Ukae Naye au Ukalale?

Mwezi huu mawifi na michango ya harusi tuviweke pembeni, tuingie sebuleni, kwenye kochi, maana huko nako kuna ugomvi wake.

Kuna dada mmoja, msomaji wetu wa siku nyingi, kanipigia simu analalamika. Mchumba wake ni mgonjwa wa gemu. Jumamosi moja kamwekea Warcraft, ile muvi ya mwaka 2016 iliyotokana na gemu la jina hilohilo, na bisi kakaanga kabisa. Nusu saa haijaisha, dada yuko usingizini. Jamaa kanuna siku mbili. Kauli ni moja tu: "Wewe vitu vyangu huvipendi." Sasa dada anauliza, hivi hizi muvi za gemu ni nzuri kweli, au wanaume wanadanganyana tu?

Mimi nasema dada alikuwa na haki ya kulala, na kaka alikuwa na haki ya kuumia. Mkosaji ni ile muvi.

Ukiwa umelicheza gemu la Warcraft, kila jina linalotajwa mle unalijua na kila ngome umeshaipigania. Ukiwa hujacheza, unaona majitu yenye meno ya ngiri yanagombana na watu wa mapanga, majina kumi ndani ya dakika kumi, na hakuna anayekuambia umwonee nani huruma. Iliingiza kama dola milioni 439 dunia nzima, na takriban nusu ya hizo zilitoka China, ambako gemu lenyewe lina wapenzi kibao. Kwao Marekani haikufikisha hata milioni 50. Walioijua walikwenda, wengine wakapita njia nyingine.

Na kabla ya hapo hali ilikuwa mbaya zaidi. Mwaka 1993 Hollywood ilimchukua Mario, yule fundi bomba wa Nintendo anayerukaruka kwenye rangi za peremende, ikamtupa kwenye mji wa giza wenye watu waliotokana na madainosari. Ilidoda. Bob Hoskins, aliyekuwa Mario mwenyewe, alikuja kusema mwaka 2007 kwamba katika kazi zake zote hakuna mbaya kama ile. Mwaka uliofuata ikaja Street Fighter, stelingi Van Damme, na huku kwetu kwenye mabanda ya video jina hilo pekee lilitosha kujaza mabenchi. Anayestahili kukumbukwa mle ni adui mkuu, Raul Julia, aliyeicheza akiwa mgonjwa na kufariki Oktoba 1994, kabla muvi haijatoka. Inaelezwa aliikubali kazi ile kwa sababu ya wanawe waliokuwa wanalipenda gemu. Baba wa namna hiyo namvulia kofia, muvi yake iwe imechemsha au la.

Mortal Kombat ya 1995 mimi naipenda, sifichi. Hadithi hakuna, lakini mateke yapo na muziki upo, na haikujifanya kitu kingine. Ilikaa kileleni Marekani wiki tatu. Baadaye akazuka Mjerumani anaitwa Uwe Boll, akatoa muvi za gemu mfululizo, moja mbovu kuliko nyingine, akisaidiwa na sheria ya kodi ya Ujerumani ya wakati ule iliyowapa unafuu waliowekeza kwenye filamu. Wakosoaji walipomponda, mwaka 2006 aliwaita ulingoni wazipige kwa glovu. Akawachapa. Muvi zikabaki mbovu vilevile.

Halafu kuna Resident Evil ya 2002, nayo ilipondwa ile mbaya. Lakini Milla Jovovich, stelingi wa kike, alikutana humo na mwongozaji Paul W. S. Anderson, wakaja kuoana mwaka 2009. Muvi sita, zaidi ya dola bilioni 1.2, na ndoa juu. Wakosoaji wabaki na kalamu zao!

Sasa kwa nini nyingi zinachemsha? Mwangalie mtu anavyocheza gemu. Anayeanguka shimoni ni yeye. Anakufa mara thelathini, anaanza upya, jasho linamtoka kwa sababu kidole ni chake. Muvi inakunyang'anya ile padi na kukuambia, kaa hapo, tunakuchezea. Aliyewahi kukaa kibanda cha gemu akisubiri zamu yake wakati mwenzake hataki kutoka anaujua uchovu huo. Kwa hiyo anayetengeneza muvi ana deni: amekunyima kucheza, akupe mtu wa kumpenda. Milipuko haitoshi kulipa, kwa sababu milipuko mchezaji anayo nyumbani na anailipua mwenyewe.

Waliolipa deni hilo vizuri kuliko wote, kwa macho yangu, ni wale wa The Last of Us, ingawa ile ni tamthilia na si muvi. Gemu lilitoka mwaka 2013, HBO wakaanza kuionyesha 2023. Joel kampoteza binti yake usiku ule dunia ilipoharibika. Miaka ishirini baadaye anapewa kazi ya kumsafirisha Ellie, binti wa miaka kumi na minne, na hataki kabisa kumzoea. Aliyeliandika gemu, Neil Druckmann, alikaa meza moja na Craig Mazin, yule wa Chernobyl, kwa hiyo mwenye hadithi alikuwepo hadithi ilipokuwa inabadilishwa.

Kwangu tuliiangalia pamoja. Mume wangu anacheza mpira wa kwenye PlayStation na washikaji zake kama nusu ya wanaume wa mji huu, lakini gemu za hadithi huzicheza peke yake, usiku, nikiwa nimelala. Sehemu mbili za kwanza alinitesa: "Subiri, hapa sasa! Angalia mlango!" Utafikiri mtafsiri wa kwenye mabanda. Ikaja sehemu ya tatu, ya Bill na Frank, wapenzi wawili wanaozeeka pamoja ndani ya uzio. Kwenye gemu Frank unamkuta ameshakufa, na barua aliyoacha ni ya chuki. Kwenye tamthilia wakapewa maisha mazima, wakabishana, wakapanda stroberi. Nick Offerman, aliyekuwa Bill, alipata Emmy kwa sehemu hiyo moja. Baba akanyamaza. Hiyo hakuwahi kuicheza, kwa hiyo kwa mara ya kwanza tulikuwa tumekaa pale sote wageni.

Kesho yake mimi ndiye niliyemwambia, washa hilo gemu nilione. Akanipa padi. Unaanza ukiwa yule binti wa Joel, usiku, unazunguka nyumbani unamtafuta baba. Nilimgonga mtoto wa watu kwenye milango kama mlevi. Mwenzangu alikuwa anajua kitakachompata yule binti, na hakuniambia. Alinikalia tu karibu. Huyo ndiye mtu aliyekuwa anakesha sebuleni miaka yote hiyo, nami nikidhani anapiga risasi tu.

Kwa hiyo wadau, mkitaka kuanza, anzeni na Arcane ya mwaka 2021. Ni katuni ya watu wazima, ndugu wawili wa kike wanapoteana na kukutana wakiwa maadui. Gemu lake, League of Legends, sijawahi kuligusa na sikupungukiwa kitu. Wenye watoto, kuna Sonic ya 2020. Trela ya kwanza alikuwa na meno ya binadamu, mashabiki wakaja juu, wakamchora upya na kuisogeza mbele miezi mitatu. Mario wa katuni wa 2023 aliingiza zaidi ya dola bilioni 1.3. Watoto wataiomba tena na tena, wewe mara moja itakutosha.

Na akikuletea Borderlands ya 2024, usidanganyike na jina la Cate Blanchett. Iligharimu zaidi ya dola milioni 100, ikarudisha chini ya 40. Hiyo mkaangie bisi, mpe busu, kisha nenda zako kalale.