MAMA WA KISU NI MAMA KAMILI (Sehemu ya 4)

Leo nitakuwa mkali kidogo, mnivumilie.

Mama akitoka wodini na kichanga chake, swali la kwanza siyo "unaendeleaje?" Ni "umezaa kawaida au kwa kisu?" Akijibu kisu, nyuso zinabadilika. Wifi anaguna. Mwingine anasema alikuwa mvivu wa kusukuma. Mwingine anamalizia kabisa: imani yake ilikuwa ndogo. Hapo ndipo ninapokasirika, maana sasa mmemwingiza Mungu kwenye maneno yenu.

Mnaijua ile sala ya "utazaa kama wanawake wa Kiebrania". Fungua Kutoka sura ya 1 usome mwenyewe. Maneno yale hayakusemwa na Mungu, wala siyo ahadi kwa wajawazito. Ni jibu la wakunga wawili, Shifra na Pua, mbele ya Farao aliyetaka watoto wa kiume wauawe. Walikuwa wanaokoa watoto! Leo tunayachukua maneno ya wakunga waliookoa watoto, tunamtisha nayo mama asikubali mtoto wake aokolewe.

Halafu soma Mwanzo sura ya 35. Raheli, mke wa Yakobo, alipata uchungu mzito njiani karibu na Bethlehemu. Mkunga alikuwepo, akamtia moyo. Mtoto alipona, Benyamini. Raheli alikufa. Nani kati yenu atasimama aseme Raheli alikosa imani?

Kwa nini nalisema hili kwa nguvu? Kwa sababu maneno yenu yanaingia mpaka leba. Mtoto amelala kimshazari, au kondo la nyuma limeziba njia, au mapigo ya moyo ya mtoto yanashuka, daktari anasema twende thieta. Mama analia, "subirini kwanza, mama mkwe atasemaje?" Jamani! Nyonga ikiwa nyembamba kuliko kichwa cha mtoto, kusukuma hakuipanui. Ukichelewa, mtoto anakosa hewa, kizazi kinaweza kupasuka, au mama anabaki na fistula, mkojo unamvuja bila kujizuia. Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulionyesha vifo 104 vya akina mama kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa 2015-16 ulikuwa umeonyesha 556. Ni hatua kubwa. Lakini hao 104 nao ni mama za watu.

Sisemi kila mtu apasuliwe. Uliza. Una haki ya kuelezwa sababu kwa lugha unayoielewa kabla hujaweka sahihi. Ila uliza kwa ajili ya uhai wako na wa mtoto, siyo kwa ajili ya midomo ya majirani.

Huku kwetu Ilembula Walutheri ni wengi. Kipaimara tulifundishwa kwamba mtu anahesabiwa haki kwa neema, kwa njia ya imani, siyo kwa matendo. Sasa imekuwaje mwanamke tumhesabie haki kwa jinsi alivyosukuma? Na asiyejaliwa mtoto, naye tumpe hukumu gani? Zaburi ya 139 inasema Mungu alikufahamu ukiwa tumboni mwa mama yako. Haisemi ulitokea mlango gani.

Kwa hiyo mama mwenye mshono, nisikilize. Thamani yako haikuwekwa na wifi, basi wifi hawezi kuipunguza. Ulikubali tumbo lako lifunguliwe ili mwingine aishi. Kama huo siyo upendo, sijui upendo ni nini.

Mama wakwe, shikamooni. Mkwe wako akirudi na mshono, usimuulize alizaaje. Mchotee maji, mpikie uji, mbebee kuni. Nyie waume, mama yako akianza maneno, wewe ndiye wa kumjibu, kwa heshima, lakini umjibu. Usimwachie mkeo vita hiyo na kidonda kibichi.

Na wewe mama, mshono ukitoa usaha, ukipata homa au damu ikizidi, usisubiri Jumatatu. Njoo siku hiyo hiyo. Mimba inayofuata, anza kliniki mapema, useme una kovu, na usijaribu kuzalia nyumbani.

Sehemu ya 5 tutaongea na wale wanaosubiri mtoto miaka na miaka. Mtumie hii mama mmoja aliyejifungua mwezi huu. 🙏