ACHENI KUTUHUBIRIA ASKARI WA MSITUNI



Kuna klipu inazunguka kwenye magrupu yetu ya WhatsApp. Mhubiri anasimulia habari za Hiroo Onoda, yule askari wa Japani aliyekaa msituni Ufilipino karibu miaka 30 akipigana vita vilivyokwisha mwaka 1945. Kisha anawageukia washirika na kuwauliza mbona wao wanahama kanisa baada ya miezi mitatu. Watu wanapiga makofi, wanasema amina. Nimetumiwa klipu hiyo mara tano, na kila anayetuma anaandika chini yake neno moja: UAMINIFU.

Mimi nasema hapana. Na nitaeleza kwa nini, kwa hiyo vumilieni, leo ujumbe ni mrefu.

Kwanza tujue huyo askari alikuwa mtumishi wa nani. Japani ya wakati ule ilifundisha kwamba mfalme si mtu kama watu. Katiba ya mwaka 1889 ilimwita mtakatifu asiyeguswa. Watoto shuleni waliambiwa ukoo wake unatoka kwa mungu wa kike wa jua, vizazi na vizazi bila kukatika. Picha yake shuleni ilisujudiwa. Mwaka 1941 jeshi likatoa kanuni ya vitani iliyomfundisha askari kwamba kutekwa ni aibu kuliko kufa. Hiyo ndiyo mashine iliyomtengeneza Onoda. (Na wazee wetu wa KAR walikutana na mashine hiyo uso kwa uso kule Burma mwaka 1944, kwa hiyo msiseme ni habari za mbali.)

Onoda alifika kisiwa cha Lubang Desemba 1944, kijana wa miaka 22. Wakubwa wake walimwamuru asijiue, asijisalimishe, hata ikichukua miaka, watarudi kumchukua. Vita vikaisha Agosti 1945. Yeye na wenzake watatu wakabaki porini.

Sasa sikilizeni sehemu ambayo klipu haisemi. Wale watu hawakukaa msituni wakiomba na kufunga. Waliiba ng'ombe na mchele wa wanakijiji, wakachoma mavuno, wakawapiga risasi wakulima. Katika miaka ile waliuawa watu wapatao 30 wa Lubang, wakati wa amani. Mwaka 1972 mwenzake wa mwisho, Kozuka, alipigwa risasi na polisi wakiwa wanachoma mpunga wa watu. Mkulima ametoka asubuhi kuvuna, ana watoto nyumbani, anauawa kwa ajili ya vita ambavyo hata aliyevianzisha ameviacha. Huo ndio uaminifu mnaoutia kwenye mahubiri? Mjane wa Lubang akiketi kwenye kiti cha mbele kanisani kwako, utaisimulia hivyo hivyo ukitabasamu?

Na huyo mungu wao alikuwa wapi? Tarehe 1 Januari 1946 mfalme Hirohito alitoa tamko kwa taifa lake kwamba dhana ya mfalme kuwa mungu ni ya uongo. Alikana yeye mwenyewe! Akaendelea kukaa ikulu, akichunguza viumbe vya baharini, maana alikuwa mtaalamu wa elimu hiyo. Mwaka 1971 alitembelea Ulaya. Mwaka 1975 alienda Marekani na akatembezwa Disneyland. Alitawala tangu 1926 hadi alipofariki Januari 1989 akiwa na miaka 87. Aliishi siku nyingi na akafa kitandani. Askari wake walioza kwenye visiwa.

Lakini jambo linaloniuma zaidi si hilo. Ni namna ukweli ulivyoshindwa kumfikia Onoda.

Walidondosha karatasi kutoka ndegeni kusema vita vimekwisha. Akasema ni hila za adui. Wakadondosha barua na picha za familia yake. Hila. Ndugu yake wa tumbo moja akaja kumwita kwa kipaza sauti, naye akaamini ni mtu anayeigiza sauti. Walikuwa hata na redio, wakasikiliza mashindano ya farasi ya Japani na kuwekeana dau! Wakasoma magazeti yanayoonyesha Japani inastawi, nao wakahitimisha kwamba basi Japani haijashindwa, kwa sababu walifundishwa kwamba Wajapani wote wangekufa kabla ya kukubali kushindwa. Mnaona? Kila ushahidi wa kumtoa uligeuzwa kuwa ushahidi wa kumbakisha.

Februari 1974 kijana mmoja msafiri, Norio Suzuki, akampata na kumwambia vita vilikwisha zamani. Onoda akajibu kwamba hatoki mpaka apate amri ya mkubwa wake. Ikabidi Japani imtafute meja wake wa zamani, Taniguchi, ambaye wakati huo alikuwa muuza vitabu, aende Lubang amsomee amri. Tarehe 9 Machi 1974 ikasomwa. Siku hiyo ndipo vita vya Onoda vilipokoma.

Rudieni hapo tena. Mfalme alikuwa amekwisha kusema vita vimekwisha na kwamba yeye si mungu. Neno la mfalme halikumtoa msituni. Neno la meja lilimtoa. Mtu anajidhani anamtumikia aliye juu kabisa, kumbe ufunguo wa akili yake uko mfukoni mwa mtu wa kawaida aliye karibu naye, ambaye pengine amekwisha kumsahau na anauza vitabu.

Ndiyo maana hiyo klipu inanitia hofu. Najua inakotaka kutupeleka. Kwanza unaambiwa umtii Mungu, na hilo ni haki kabisa. Kisha unaambiwa baba wa kiroho ndiye kifuniko chako, wewe ni mbeba silaha wake, ukiuliza swali umemgusa masihi wa Bwana. Mama yako akikulilia, ni shetani anatumia familia. Daktari akikushauri, ni imani haba. Gazeti likiandika, ni mateso ya watakatifu. Mpaka siku moja hakuna sauti yoyote duniani inayoweza kukutoa humo ila sauti ya mtu mmoja. Sisi Wakenya, tangu mwaka 2023, hatuna ruhusa ya kulichezea jambo hili. Shakahola nako ni msitu, na miili iliyofukuliwa pale ilipita 400.

Mtaniletea 2 Timotheo 2, askari mwema asiyejitia katika shughuli za dunia. Amina, naihubiri kila mwaka. Lakini somo lile linasema askari humpendeza yule aliyemwandika jeshini. Ni nani aliyetuandika sisi? Ni yule aliyewaosha askari wake miguu, akafa yeye ili wao wapone. Hirohito alikaa ikulu wao wakafa. Msituuzie utii wa aina moja kwa jina la utii wa aina nyingine.

Na kama mnataka askari wa kuhubiri, Biblia inao. Katika 1 Samweli 22 mfalme Sauli, aliyetiwa mafuta kweli kweli, anawaamuru walinzi wake wawaue makuhani wa Nobu. Walinzi wanakataa kuinua mkono. Ni Doegi Mwedomi pekee anayetii: anaua makuhani 85, kisha mji unapigwa, wanawake na watoto na wanyonyao. Kwa hesabu ya ile klipu, Doegi ndiye mtumishi mwaminifu siku ile, na wale walinzi ni waasi.

Kuna mtu mwingine katika habari ya Lubang ambaye sijawahi kusikia akihubiriwa: Yuichi Akatsu. Mwaka 1949 aliwaacha wenzake, akazunguka peke yake miezi kadhaa, na mwaka 1950 akajisalimisha. Wale waliobaki walimhesabu kuwa ameasi na wakazidi kujificha. Wawili kati ya hao watatu waliuawa porini, Shimada mwaka 1954 na Kozuka mwaka 1972. Akatsu alirudi nyumbani.

Mshirika wangu, kama umeitwa msaliti kwa sababu uliuliza hesabu ya sadaka ya ujenzi, au kwa sababu ulimpeleka mtoto hospitali kabla ya kupiga simu kwa mchungaji, usibishane na mtu usiku huu. Fungua ile 1 Samweli 22, mstari wa 17, usome polepole, na uangalie wale walinzi wamesimama upande gani.