Mambo ya Nyumbani: Rafiki za Mtoto na Michezo Yake

Kila tukutanapo na wazazi, swali moja hurudi: "Mtoto wangu akitoka shuleni huweka madaftari, hunywa maji, kisha hatumwoni mpaka jua litue. Yuko na nani? Je, yafaa tumzuie asitoke?" Akina baba huliuliza kwa ukali, akina mama kwa hofu, lakini swali ni lile lile. Mwezi huu twapenda kulijibu, maana si swali dogo. Mtoto hupata tabia kwa wazazi wake, na kwa wenziwe pia. Tena akifika umri wa miaka 10 au 12, mara nyingi sauti ya mwenziwe humwingia sikioni upesi kuliko sauti ya babaye.

Jibu letu kwa ufupi ni hili: usianze kwa kumzuia, anza kwa kujua anacheza nini. Mzazi asiyeujua mchezo wa mtoto wake hawajui rafiki zake. Ukimwuliza, "Rafiki zako ni akina nani?" atakutajia majina mawili matatu huku anaangalia chini, naye atayaacha yale ajuayo kuwa hutayapenda. Walakini ukiketi karibu na mahali wanapocheza, ukisuka ukili au ukichambua mboga, kwa nusu saa utajua mengi kuliko kwa maswali ya mwaka mzima. Utajua yupi hukasirika akishindwa, yupi huiba zamu, yupi humtetea mdogo, na yupi hukiri kosa lake bila kulazimishwa. Mbele ya wageni mtoto aweza kujikaza akawa na adabu za kupendeza. Mchezoni hawezi kujikaza muda mrefu.

Tuitazame michezo yenyewe. Katika mdako mtoto hutia vijiwe katika kishimo, hurusha kimoja juu, na kabla hakijaanguka huvitoa vingine, kisha hukidaka. Macho na mkono hujifunza kwenda pamoja, na hesabu huingia kichwani bila fimbo. Mwajificho hufundisha uaminifu, maana afumbaye macho ndiye peke yake ajuaye kama alichungulia. Pia, tiara, gari la waya na mpira wa matambara ni vitu ambavyo watoto wetu wengi hawanunuliwi. Huvitengeneza wenyewe, na atengenezaye huhitaji mwenziwe wa kumshikia kamba. Urafiki mwingi huanzia hapo, katika kushikiana kamba. Na jioni, mmoja asemapo "Kitendawili!" na wengine wakaitikia "Tega!", hata mtoto mwenye haya hupata nafasi ya kusema. Akishindwa, hutoa mji, naye hajapungukiwa na kitu, kwa kuwa mji wenyewe si wake. Ni wapi pengine ambapo mtu hujifunza kushindwa kwa bei rahisi namna hiyo?

Lakini mchezo tupendao kuusifu zaidi kwa ajili ya nyumba ni bao, kwa sababu mkubwa na mdogo waweza kuucheza pamoja bila mmoja kumdhihaki mwenziwe. Wako wadhanio kwamba bao ni mchezo wa wazee wasio na kazi. Sivyo. Mwalimu Julius Nyerere, aliyebeba mzigo wa nchi nzima, alijulikana kwa kupenda bao. Wala hapana aliyemwita mvivu kwa sababu hiyo. Bao lina mashimo 32, safu nne za mashimo manane manane, na kete 64. Asiye na ubao aweza kuchimba mashimo ardhini, na kete zaweza kuwa komwe, zile mbegu ngumu za rangi ya kijivu, au vijiwe vyovyote vinavyolingana. Wachezaji wazoefu huanza na kete 10 ubaoni na 22 mkononi kila mmoja, nao huziingiza moja moja. Huo ndio mwanzo wa namua. Mtoto asianzishwe huko. Aanze na bao la kujifunza, ambalo kila shimo hutiwa kete mbili na hakuna akiba mkononi.

Basi tazameni jambo moja katika bao. Mchezaji akila kete za mwenziwe hazitupi nje. Huzipanda upande wake, zikawa zake, na pengine baadaye zitarudi tena kule zilikotoka. Tangu mwanzo wa mchezo mpaka mwisho hakuna kete itupwayo. Aliyeshindwa ni yule ambaye safu yake ya mbele imebaki tupu. Mtoto aliyezoea hayo hujifunza kwamba alichopoteza leo chaweza kurudi kesho kwa subira, na kwamba mwenye nyingi sasa hivi asijivune. Nasi wazazi twajifunza lililo kubwa zaidi: mtoto anapotawanya kete, macho yake yakiwa mashimoni, ulimi hulegea. Neno asiloweza kulisema akisimamishwa mbele ya baba yake kama mshitakiwa, hulisema kati ya shimo na shimo. Baba mwenye hekima haachi kucheza alisikiapo neno hilo. Huendelea kuhesabu kete zake, akamwacha mtoto amalize.

Tuwaeleze sasa habari za nyumba mbili za kijiji kimoja, zilizotazamana. Majina tutayaacha.

Baba wa nyumba ya kwanza alikuwa mtu wa bidii na heshima, naye aliona kwamba kila mchezo ni uvivu. Siku moja alimkuta mwanawe wa miaka 12 amepiga magoti chini ya mwembe, penye mashimo ya bao, pamoja na wenziwe watatu. Akayafukia mashimo kwa jembe, akazitupa komwe kichakani, akawafukuza wale watoto. Kwa miezi kadhaa alijisifu kwamba nyumba yake imetulia. Kumbe mtoto hakuuacha mchezo, aliuhamisha. Alikwenda nyuma ya kilabu cha pombe, ambako vijana wakubwa walicheza karata kwa fedha. Wale watatu wa mwembeni hawakumfuata, maana walikuwa wamehamia ua mwingine ambao wazazi wao waliujua. Wakapotea kuku wawili, kisha zikapotea fedha za madaftari, ndipo baba alipopata habari. Naye aliipata kwa jirani, si kwa mwanawe. Alipomwuliza kwa nini hakusema mapema, mtoto alijibu kwa adabu, "Baba, ningesema nini, nawe ulikwisha kufukia?"

Katika nyumba ya pili, mama aliwaruhusu watoto wa kike wa jirani kucheza mdako uani kwake, karibu na jiko. Alipika, nao wakacheza. Hakuwaingilia ila walipogombana. Baada ya siku chache alitambua jambo. Binti mmoja wa miaka 11 alifika pamoja na wenziwe kila alasiri, lakini wao walikuja na sare za shule, naye alikuja na kanga ile ile. Na chakula kilipokaribia kuiva, aliaga kabla hajakaribishwa. Siku moja binti yule alipoamkia, "Shikamoo, mama," mama aliitikia, "Marahaba, mwanangu. Mbona wenzako watoka shuleni, nawe watoka nyumbani?" Yule mtoto hakuinua macho. Alirusha kijiwe chake, akakidaka, akasema, "Bibi anaumwa, mama. Nikienda shule hapana wa kumchotea maji." Hakulia wala hakuomba kitu. Alisema kama mtu anayehesabu vijiwe.

Jioni ile mama alimweleza mumewe. Kesho yake walikwenda wote wawili kwa bibi yule, kisha kwa mwalimu. Mwalimu alikuwa akidhani kwamba mtoto amehama kijiji. Majirani wakapanga zamu ya kuchota maji, nyumba tano, kila nyumba siku yake. Na binti akarudi darasani baada ya kukosa majuma matano. Masomo aliyoyakosa alifundishwa na wenziwe wa mdako, pale pale uani. Tukumbuke kwamba hapana aliyekwenda kutafuta habari hiyo. Ilikuja yenyewe, kwa kuwa palikuwa na ua ambao watoto waliruhusiwa kuchezea, na mtu mzima aliyekuwa na macho. Wahenga walisema, akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Lakini rafiki atajuaje dhiki yako kama hamkupata kuketi pamoja?

Habari ya binti huyu yatuleta kwenye jambo jingine lifaalo kusemwa waziwazi. Katika nyumba zetu nyingi mtoto wa kiume hurudi shuleni akaenda mpirani, na dada yake hurudi akaenda kisimani, akatwanga, akabeba mdogo wake, akaosha vyombo, na alalapo hajacheza hata kidogo. Kisha tukashangaa kwamba mvulana ana rafiki wengi naye msichana ni mkimya! Hatusemi kwamba watoto wasifanye kazi. Kazi ni sehemu ya malezi, na mtoto asiyejua jembe wala ufagio hajalelewa. Twasema kazi igawanywe. Mvulana hapungukiwi na kitu akichukua ndoo, na msichana haharibiki akicheza saa moja.

Wala jambo hili si maoni yetu tu. Mkataba wa Haki za Mtoto wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1989, katika kifungu cha 31, watambua haki ya mtoto ya kupumzika na kucheza. Mwaka 1990 mataifa ya Afrika yaliandika mkataba wao wenyewe juu ya haki na ustawi wa mtoto. Kifungu cha 12 chasema habari za mapumziko na michezo. Na kifungu cha 31 cha mkataba huo wa Afrika chataja wajibu wa mtoto: kuitumikia jamaa yake, kuwaheshimu wazazi na wakubwa, na kuwasaidia wakati wa shida. Mchezo na wajibu vimeandikwa katika mkataba mmoja. Kwa nini basi sisi tuvitenganishe nyumbani, mchezo tukampa kaka na wajibu tukampa dada?

Wako watakaotuambia, "Siku hizi watoto hawataki mdako wala bao, wataka simu." Ni kweli kwamba simu ina nguvu, na mtoto aliyeizoea hukaa kimya pembeni, wazazi wakafurahi kwamba hasumbui. Lakini kimya si utulivu. Humwoni mwenziwe anayezungumza naye, wala husikii kicheko chake. Hatusemi simu itupwe. Wengi wetu twaitumia kwa kazi na kwa salamu za jamaa. Twasema tu kwamba mtoto huiacha simu akipata mtu wa kucheza naye, na mtu wa kwanza aliye karibu ni wewe. Ukimnyang'anya simu usimpe chochote, umefukia shimo kama yule baba wa mwembeni.

Basi tufanyeje? Kwanza, kila nyumba iwe na mahali pa kuchezea panapoonekana kutoka jikoni au barazani, hata kama ni kivuli kidogo tu. Pili, saa ya mchezo ijulikane kama saa ya kazi ijulikanavyo. Mtoto ajuaye kwamba saa yake itafika hufanya kazi bila kunung'unika. Tatu, mwenziwe mtoto akija, aamkie, aitikiwe, aulizwe habari za kwao kwa upole, wala asihojiwe kama mwizi. Nne, ukiona tabia mbaya kwa mmoja wao, usikimbilie kumfukuza. Mwonye mbele ya wenziwe kama wako umwonyavyo, na uende kwao uzungumze na wazazi wake. Yule umfukuzaye leo atakutana na mwanao kesho mahali usipopaona.

Na ninyi walimu, ndugu zetu, mna ua mkubwa kuliko wetu sote. Saa ya mapumziko msiihesabu kuwa saa iliyopotea. Simameni penye kivuli, tazameni nani anacheza na nani, na hasa nani hachezi na mtu. Mtoto asiyeitwa na wenziwe siku ya kwanza huenda amechoka. Asipoitwa juma zima, ana jambo. Mwalimu wa yule binti alikuwa mwema, na daftari lake la mahudhurio lilikuwa safi. Lakini daftari humwonyesha asiyekuwapo tu, halielezi sababu. Sababu waliijua wenziwe wa mdako, na wangalimwambia siku ya pili kama wangaliulizwa.

Mzazi aliyekwisha kusoma haya asiseme, "Nitaanza nipatapo nafasi." Mtoto wa miaka 10 hakungoji, mwaka ujao atakuwa wa 11, na mwaka wa tatu huenda hatataka tena ukae karibu. Jumamosi hii chimba mashimo 32, okota kete 64, tia mbili mbili, kisha mwite mwanao pamoja na yule rafiki yake ambaye mpaka leo hujui jina la baba yake. Usijali ukishindwa. Wakubwa wengi hushindwa mara ya kwanza, na watoto hufurahi mno!

Nasi twawaomba mtuandikie majina ya michezo ichezwayo na watoto wa upande wenu, pamoja na namna ya kuicheza, ili tuichapishe hapa na nyumba nyingine zijifunze. Kwaherini mpaka mwezi ujao.