Umeme wafika reli ya Morogoro, magari ya kasi bado yasubiri

Tangu Juni 14, 2024 treni ya umeme ya Shirika la Reli Tanzania (TRC) husafirisha abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro kwa mwendo wa hadi kilomita 160 kwa saa. Katika barabara kuu ipitayo Mikese, magari yenye nguvu kubwa yangali yakitegemea petroli na dizeli. Sababu iko wazi: treni hupokea umeme kutoka nyaya za juu, ilhali gari hulazimika kuubeba wake katika betri.

Uzito huo umewasumbua hata wakubwa wa mbio. Magari ya daraja la juu yaliyoshindana Safari Rally nchini Kenya kuanzia 2022 hadi 2024 yaliunganisha injini na mota ya umeme ya kilowati 100. Mwaka 2025 mota hiyo iliondolewa, na uzito wa chini unaoruhusiwa ukashuka kutoka kilo 1,260 hadi 1,180.

Anayetaka kung'oa injini ya gari lake la kasi na kuweka betri hukabiliwa na kikwazo cha mwendo wenyewe. Kasi ikiongezeka maradufu, ukinzani wa hewa huongezeka takriban mara nne, na chaji huisha upesi. Si ajabu kwamba kampuni ya Opibus ya Kenya, sasa Roam, ilianza na magari ya utalii, ambayo hayana haraka.

Umeme wenyewe si haba. Bwawa la Julius Nyerere limejengwa kuzalisha megawati 2,115. Kinachohitajika ni vituo vya kutosha vya kuchajia njiani, na Mikese, ilipo kwenye barabara hiyo, ni mahali panapofaa kufikiriwa mapema.