Mgahawa usio na njia ya hewa usipewe leseni

Kuna kero inayoturudia kila mwaka kaskazi inapovuma. Kuanzia Desemba hadi Machi, joto la Dar es Salaam hufika nyuzi 32 na kuzidi, na unyevu wa bahari hauliachi jasho likauke mwilini. Miezi hiyo, kula mchana katika migahawa yetu mingi ni mateso.

Nenda Kariakoo saa saba mchana. Mgahawa ni fremu ya duka iliyogeuzwa: mlango mmoja mbele, nyuma ukuta mtupu, juu bati lisilo na dari. Dirisha ni la aluminiamu la kusukuma, ambalo hata ukilifungua lote nusu yake inabaki kioo. Jiko limo humo humo. Feni inazunguka, lakini inachotuletea mezani ni mvuke wa wali na moshi wa karai la chipsi.

Sisi wateja tunakula upesi tukaondoka. Wapishi je? Mahali ninapokula karibu na kazini, dada anayekaanga chipsi hujifunga shingoni kitambaa kilicholowa, kikikauka anakichovya tena kwenye ndoo. Amebanwa kati ya mafuta yanayochemka na ukuta, na bati lililo juu yake akinyoosha mkono analigusa. Nilipomuuliza mwenye mgahawa kwa nini asitoboe ukuta wa nyuma, alinijibu kwamba fremu ni ya kupanga na mwenye nyumba amekataa.

Wapo wanaosema dawa ni kiyoyozi. Katika chumba chenye majiko yanayowaka kutwa, kiyoyozi kinakula umeme bila kushinda moto, na joto lote kinalitemea uchochoroni, alikokaa mama lishe na sufuria zake. Umeme ukikatika, chumba kilichozibwa vioo hakikaliki hata kidogo.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba mji huu ulijua kujenga. Nyumba ya Kiswahili ya Kariakoo ile ile ilikuwa na ukumbi ulionyooka kutoka mlango wa mbele hadi uani, vyumba huku na huku, na jiko liko uani. Upepo uliingia mbele ukatokea nyuma, na moto haukulala nyumba moja na watu. Nyingi ya nyumba hizo tumezibomoa, tukajenga maghorofa na fremu zilizozibwa pande tatu, kisha tukaruhusu watu wapikie humo.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 ipo, na kazi ya jikoni ni kazi kama nyingine. Maafisa afya nao hupita, wanakagua vyoo, mapipa ya taka na kadi za afya za wahudumu, na wanafanya vema. Lakini njia ya hewa sijawahi kusikia ikiulizwa, ingawa inagusa hata usalama wa chakula. Chakula kilichopikwa hakitakiwi kukaa muda mrefu kati ya nyuzi 5 na 60, na katika chumba kinachotokota hata friji inahemewa.

Ninachoomba si kikubwa. Fremu isipewe leseni ya mgahawa mpaka iwe na tundu la pili linaloelekeana na mlango, na juu ya jiko pawe na bomba la moshi au feni ya kuvuta hewa iitoe nje. Bati liwekewe dari, au angalau lipakwe rangi nyeupe. Gharama hizi zimwangukie mwenye jengo anayepokea kodi, asisukumiwe mpangaji peke yake.

Na maafisa watakaokagua wasije saa mbili asubuhi. Waje saa saba, waingie jikoni, wasimame pale penye karai mpaka wateja wa mchana waishe.

Msomaji,
Ilala, Dar es Salaam